Ripoti ya Hitilafu Hubeba Siri ya Mteja

Hotuba hii ilitolewa Mombasa mbele ya wenye saiba (maduka ya huduma za kompyuta na intaneti), makarani wa ofisi za forodha, wahudumu wa zahanati na mafundi wa kompyuta. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kuhudhuria.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia, shikamooni. Ndugu zangu wenye saiba, makarani, mafundi na wanafunzi, assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Nawashukuru kwa kufunga maduka mapema siku ya kazi ili mje kusikiliza jambo ambalo wengi wetu hulipita kwa kubofya mara moja na kuendelea na shughuli.

Jambo lenyewe ni hili. Programu inapojifunga ghafla, au kompyuta nzima inapokwama na kutoa ile skrini ya hitilafu, mfumo endeshi, kama Windows, huandika ripoti ya hitilafu, na aghalabu huituma kwa kampuni iliyoutengeneza. Ipo sehemu katika mipangilio ya faragha ambapo mwenye kompyuta anaamua kama ripoti hiyo itumwe, itumwe ikiwa na maelezo kiasi gani, na kama yeye aulizwe kwanza. Ninachotaka kuwaeleza jioni hii ni kwamba kwenye kompyuta ya kazi uamuzi huo si wako peke yako. Unapochagua, unawachagulia wateja wako. Unapoacha bila kutazama, umemwachia mtu asiyewajua awachagulie.

Hebu fikirini ni nani anayeketi mbele ya kompyuta zetu katika mji huu. Ni msichana wa Likoni anayejaza fomu ya pasipoti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa sababu amepata kazi Saudi Arabia. Ni mzee wa Kisauni aliyeletwa na mjukuu wake kuwasilisha ritani ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni. Ni wakala wa forodha mwenye hati za kontena lililoko bandarini Kilindini, hati zenye bei ambazo mshindani wake angefurahi sana kuzijua. Ni mama aliyekuja kuchapishiwa majibu ya maabara. Je, kuna hata mmoja kati ya hawa aliyewahi kuulizwa kama anakubali kipande cha hati yake kisafirishwe hadi kwenye seva ya ng'ambo endapo programu itajifunga? Hakuna. Aliyeulizwa, kama aliulizwa mtu, ni fundi aliyeuweka mfumo kwenye mashine, naye alikuwa na mashine nyingine zinamsubiri.

Basi tuanze na kilichomo ndani ya ripoti, kwa maana huwezi kuamua juu ya mzigo usioujua.

Programu inapofanya kazi, kila unachokiona kwenye skrini, na mengi usiyoyaona, hukaa katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta: maneno unayochapa, picha uliyotoka kuiskani, nenosiri uliloingiza hivi punde. Programu ikianguka, mfumo endeshi hukusanya maelezo ya hitilafu yenyewe, yaani jina la programu, toleo lake, na mahali hasa katika msimbo wake ilipoangukia. Hukusanya pia hali ya mashine wakati huo. Kisha, kutegemea mipangilio, huhifadhi nakala ya kumbukumbu, ama kipande chake kidogo au kumbukumbu nzima. Kwenye Windows, kompyuta nzima inapoanguka, nakala ndogo huwekwa katika folda iitwayo Minidump, na ile kubwa huwekwa katika faili liitwalo MEMORY.DMP, ambalo laweza kufikia gigabaiti kadhaa. Katika nakala hiyo hakuna anayechuja na kusema hii ni hitilafu na hii ni siri ya mteja. Kilichokuwamo kwenye kumbukumbu ndicho kinachonakiliwa.

Microsoft wenyewe hawalifichi jambo hili. Katika maelezo yao kuhusu data ya hiari ya uchunguzi, yaani ile ambayo mtumiaji anaweza kukataa kuituma, wamesema wazi kwamba ripoti zenye hali ya kumbukumbu zinaweza, bila kukusudiwa, kuwa na sehemu za faili ambalo mtumiaji alikuwa akilitumia tatizo lilipotokea. Maneno hayo yameandikwa kwenye kurasa zao kwa yeyote kuyasoma. Lakini ni nani miongoni mwetu aliyeyasoma?

Niwape kisa. Niliwahi kuitwa kwenye zahanati moja hapa mjini ambako programu ya kufungulia faili za PDF ilikuwa ikijifunga kila asubuhi. Mashine ilikuwa na mfumo endeshi wa Ubuntu, na Ubuntu huweka ripoti zake katika folda ya /var/crash. Nilifungua ripoti mojawapo kwa kihariri cha kawaida cha maandishi, kile ambacho mtoto wa shule anaweza kukitumia. Mstari wa kwanza uliandikwa kwamba tatizo ni la programu kuanguka. Chini kidogo palikuwa na tarehe na mahali programu ilipo. Halafu ukaja mstari unaoanza na neno ProcCmdline, ambao huonyesha amri iliyoifungua programu pamoja na faili lililokuwa likifunguliwa. Ndani ya mstari huo, ndugu zangu, palikuwa na jina kamili la mgonjwa, kistari, na jina la kipimo alichofanyiwa.

Sikuhitaji utaalamu wowote kulisoma. Sikuigusa nakala ya kumbukumbu, iliyokuwa chini zaidi katika faili lilelile, imeandikwa kwa herufi zisizosomeka kwa macho. Jina la faili pekee lilitosha kumfichua mwanamke yule. Karani aliyesimama nyuma yangu aliuliza swali ambalo ningependa kila mmoja wenu aondoke nalo hapa: "Na hii huenda wapi?"

Huenda kwa mwenye mfumo. Ripoti za Ubuntu huenda kwa kampuni ya Canonical, za Windows huenda Microsoft, za Mac huenda Apple. Kwa Ubuntu na Windows, safari hiyo kwa kawaida ina hatua mbili. Kwanza hupelekwa muhtasari wa hitilafu, na seva hutazama kama hitilafu hiyo tayari inajulikana. Ikiwa ni ngeni au inahitaji kuchunguzwa zaidi, seva huomba maelezo ya ziada, na hapo ndipo nakala ya kumbukumbu huweza kutumwa. Kwa hiyo si kila mara kumbukumbu huondoka kwenye mashine. Mimi nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu sipendi watu watishwe kwa mambo yasiyokuwapo. Lakini yule karani, mashine yake ilikuwa imewekwa itume yenyewe bila kuuliza, na hakuna mtu yeyote katika zahanati ile aliyekuwa amefanya uamuzi huo kwa kujua. Tulibadilisha mpangilio uwe wa kuuliza kila mara, na zahanati ikaanza kuyaita mafaili yake kwa nambari za wagonjwa badala ya majina. Mabadiliko hayo mawili hayakugharimu hata senti moja.

Sasa kuna watakaosema: basi tuzizime ripoti zote, tumalize. Wazee wangu, hapo sikubaliani nanyi, na nitawaambia kwa nini.

Ripoti hizi ndizo zilizofanya kompyuta za leo zisianguke kama zile za miaka ya nyuma. Mwaka 2002 Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, aliwaandikia wateja kuhusu walichojifunza kutokana na ripoti za hitilafu: kwamba takriban asilimia 20 ya kasoro ndizo zinazosababisha asilimia 80 ya makosa yote, na kwamba, jambo lililowashangaza, asilimia 1 tu ya kasoro husababisha nusu ya makosa yote. Tazameni maana yake. Mhandisi aliyeketi Marekani hawezi kukisia ni kasoro zipi kati ya maelfu ndizo zinazowasumbua watu, lakini ripoti zinapomfikia anaona mara moja ni zipi azishughulikie kwanza. Mwaka 2009 wahandisi wa Microsoft waliandika kwamba mfumo wao wa kupokea ripoti ulikuwa ukihudumia kompyuta bilioni moja. Kompyuta za Mombasa zimo katika hesabu hiyo, na zina haki ya kuhesabiwa. Printa zetu za bei nafuu, vipakatalishi vyetu vya mitumba, umeme wetu unaokatika, vyote vina hitilafu zake, na tusipozipeleka hakuna atakayezitengeneza kwa ajili yetu.

Wala msisahau tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft. Ndege zilibaki ardhini na hospitali zikaahirisha huduma. Wiki moja baadaye wahandisi wa Microsoft walichapisha uchambuzi wa ripoti za hitilafu zilizowafikia, wakathibitisha kwamba kiendeshi cha CrowdStrike, yaani programu yake inayofanya kazi ndani kabisa ya mfumo endeshi, kilikuwa kimejaribu kusoma kumbukumbu nje ya mipaka yake. Bila zile nakala za kumbukumbu, wangethibitishaje?

Kwa hiyo ripoti ina kazi ya haki. Ukimpelekea fundi tuktuk iliyozima barabarani, unampa injini aikague. Mkoba ambao abiria ameusahau kiti cha nyuma unautoa kwanza, kwa sababu si wako na fundi hauhitaji. Ndivyo ninavyotaka tuzitazame ripoti hizi. Injini ipelekwe. Mkoba wa abiria ubaki.

Na hatari ya mkoba huo kuondoka na tuktuk si ya kubuni. Mwezi wa Desemba 2013 jarida la Ujerumani la Der Spiegel liliandika, likitegemea nyaraka za ndani za shirika la ujasusi la Marekani, NSA, kwamba majasusi hao walikuwa wakizinasa ripoti za hitilafu za Windows zikiwa njiani kwenye intaneti, ili wajue kompyuta ya mtu wanayemlenga ina programu gani na ina udhaifu gani. Mwezi huohuo kampuni ya usalama ya Websense ilionyesha kwamba sehemu ya kwanza ya ripoti hizo ilikuwa ikisafiri bila kusimbwa, yaani bila kufichwa kwa msimbo wa siri, kiasi kwamba yeyote aliye kwenye mtandao angeweza kuisoma. Baadhi ya ripoti hizo zilitumwa hata pale mtu alipochomeka kifaa kipya cha USB, wala hapakuwa na programu iliyoanguka. Njia hiyo ilizibwa baadaye, na siku hizi ripoti husafiri zikiwa zimesimbwa. Lakini ni miaka mingapi kabla ya hapo watu walikuwa wakizituma wakidhani zinafika kwa mhandisi peke yake?

Kisa cha pili ni kizito zaidi, na nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nimekisikia kikisimuliwa vibaya hapa mjini.

Mwezi wa Julai 2023 Microsoft ilitangaza kwamba wadukuzi inaowahusisha na China, iliowapa jina la Storm-0558, walikuwa wameingia katika barua pepe za mashirika kadhaa, zikiwemo idara za serikali ya Marekani. Waliingia kwa kughushi hati za utambulisho, na waliweza kuzighushi kwa sababu walikuwa wamepata ufunguo wa siri wa Microsoft wa kutia saini hati hizo. Walipataje ufunguo unaolindwa kiasi hicho? Mwezi wa Septemba mwaka huohuo Microsoft ilieleza ilivyodhani: kwamba mwezi wa Aprili 2021 mfumo unaotia saini ulianguka, nakala ya kumbukumbu ikahifadhiwa, ufunguo ukawamo ndani yake ingawa ulipaswa kuondolewa, na nakala hiyo ikahamishwa kutoka kwenye mtandao uliotengwa hadi mahali ambapo wahandisi huchunguza hitilafu, ambako wadukuzi walifika kupitia akaunti ya mhandisi mmoja.

Mwezi wa Machi 2024 Microsoft iliyasahihisha maelezo hayo, ikasema kwamba haijaipata nakala yoyote ya kumbukumbu yenye ufunguo ule. Kwa hiyo msiseme kwamba imethibitika. Lakini tafakarini: hawa ni watu wenye mifumo ya kuchuja siri kutoka kwenye nakala hizo, wenye mitandao iliyotengwa, wenye wataalamu wasio na kazi nyingine ila ulinzi, na bado walipojiuliza ufunguo wao mkuu ulitokea mlango gani, mlango wa kwanza waliouona ni nakala ya kumbukumbu ya kompyuta iliyoanguka. Sisi wenye saiba ya mashine nne kando ya stendi ya matatu, tuna uchujaji gani?

Ndugu zangu, jambo hili lina sheria pia, na sheria hiyo ni yetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya habari za familia yake na mambo yake binafsi kutotakiwa wala kufichuliwa pasipo haja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ikaendelea kutoka hapo. Inataka data binafsi inayokusanywa iwe ile tu inayohitajika kwa kusudi lililotajwa. Inataka ridhaa ya mtu iwe ya kweli, tena anaweza kuiondoa wakati wowote, na jukumu la kuthibitisha kwamba aliridhia liko juu ya anayeishika data. Habari za afya imeziweka katika fungu la data nyeti. Na imeweka masharti juu ya data inayopelekwa nje ya Kenya. Sikuja hapa kuwatisha kwa faini. Nimekuja kuwaonyesha kwamba yule mama wa majibu ya maabara ana haki iliyoandikwa, na kwamba wa kwanza anayeweza kuilinda ni karani aliyemhudumia.

Je, watu wakidai haki hiyo, kampuni kubwa husikia? Husikia. Mwezi wa Julai 2016 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa, CNIL, iliipa Microsoft miezi mitatu kurekebisha mambo katika Windows 10, ikisema inakusanya data ya uchunguzi kupita kiasi, kwa mfano orodha ya programu ambazo mtu ameziweka na muda anaozitumia. Mwezi wa Juni 2017 CNIL iliifunga kesi hiyo baada ya Microsoft kupunguza karibu nusu ya data iliyokuwa ikikusanywa katika kiwango cha msingi. Mwaka uliofuata Microsoft ikatoa chombo cha kumwezesha mtumiaji kuitazama data inayotumwa kutoka kwenye mashine yake. Swichi tunazozikuta leo zilipatikana kwa kudaiwa. Ni aibu zikae bila kutumiwa.

Sasa tuzitazame swichi zenyewe.

Katika Windows 11, fungueni mipangilio, nendeni kwenye faragha na usalama, halafu kwenye ukurasa ulioandikwa "Diagnostics & feedback". Hapo mtakuta data ya uchunguzi imegawanywa mara mbili. Ile ya lazima huhusu kifaa, mipangilio yake na kama kinafanya kazi sawasawa, na katika matoleo ya Home na Pro huwezi kuizima kabisa. Ni matoleo ya mashirika makubwa na ya elimu yanayoruhusu hilo. Ile ya hiari ndiyo yenye ripoti pana za hitilafu zinazoweza kubeba hali ya kumbukumbu. Kwenye kompyuta yoyote inayoshika hati za watu wengine, nasema bila kusita: zimeni ya hiari. Kwenye ukurasa huohuo kuna kitufe cha kufuta data iliyokwisha kukusanywa, na kuna swichi ya kile chombo cha kuitazama. Kiwasheni siku moja, msome wenyewe, mjionee kwa macho yenu.

Kompyuta yako ya nyumbani, ambayo haina ila kazi yako na picha zako, hiyo ni juu yako. Mimi kwenye yangu ya nyumbani naruhusu, kwa sababu nataka kasoro zitengenezwe, na ninachokihatarisha ni changu.

Katika Ubuntu, mipangilio ya faragha ina ukurasa wa uchunguzi wenye swali moja: ripoti za hitilafu zitumwe kwa Canonical namna gani? Majibu ni matatu: zisitumwe kamwe, zitumwe zenyewe, au uulizwe kila mara. Kwa ofisi ninapendekeza kuulizwa. Dirisha litakapotokea, karani atazame ni programu gani imeanguka na alikuwa amefungua hati ya nani. Ikiwa ni programu ya kikokotoo, atume. Ikiwa ni PDF ya mgonjwa, asitume. Najua kuna atakayesema karani ana foleni ya watu kumi na hana wakati wa kuamua. Kwa ofisi ya namna hiyo, chagueni zisitumwe kamwe, kwa sababu swali linaloulizwa mtu mwenye haraka hujibiwa ovyo.

Kwenye Mac, swali huulizwa siku ya kwanza mashine inapowashwa, na hupatikana baadaye katika mipangilio ya faragha na usalama, sehemu ya "Analytics & Improvements". Pana swichi ya kushiriki na Apple na nyingine ya kushiriki na watengenezaji wa programu. Zote mbili huzimika.

Hapo wengi husimama, na hapo ndipo kosa linapojificha. Kazi zetu nyingi leo, eCitizen, iTax ya kodi, barua pepe, hufanyika ndani ya kivinjari, na vivinjari kama Firefox na Chrome vina utaratibu wao wa ripoti usiofuata mipangilio ya mfumo endeshi. Firefox inapoanguka huleta dirisha lake lenye kisanduku cha kuambatisha anwani ya ukurasa uliokuwa ukiutazama. Anwani ya ukurasa mara nyingine hubeba nambari ya ombi la mteja. Kisanduku hicho kiondolewe alama, na ripoti yenyewe itaendelea kuwa na manufaa. Ukiandika about:crashes kwenye sehemu ya anwani utaziona ripoti zote za nyuma, zilizotumwa na ambazo hazijatumwa. Chrome nayo ina swichi ya kutuma takwimu za matumizi na ripoti za hitilafu, iliyo chini ya huduma za Google katika mipangilio yake. Ukiizima ya Windows na kuiacha ya Chrome, umefunga dirisha na mlango uko wazi.

Jambo jingine ambalo halitajwi vya kutosha ni ripoti zisizotumwa. Kuzima utumaji hakufuti kilichokwisha kuandikwa kwenye diski. Ubuntu huzisafisha ripoti zake zilizopita siku 7. Kwenye Windows, nendeni kwenye hifadhi, kisha mafaili ya muda, mtakuta ripoti za hitilafu zikiwa na kisanduku chao, na chombo cha zamani cha kusafisha diski kina kisanduku cha nakala za kumbukumbu pia. Zifuteni mara kwa mara. Na kabla ya kuuza kompyuta ya ofisi kwa wanaonunua mashine kuukuu, diski isafishwe yote. Ni wangapi wetu hufuta mafaili ya wateja kwa uangalifu, wakaiacha MEMORY.DMP mahali pake kwa sababu hawajui ni ya nini? Yule anayeinunua mashine huenda anajua.

Namalizia na mafundi, kwa sababu ninyi ndio mnaoishika mashine kabla ya mtu mwingine yeyote. Windows 11 inapowekwa huleta ukurasa wa kuchagua mipangilio ya faragha, na mojawapo ya maswali yake ni kama data ya uchunguzi iwe ya lazima tu au pamoja na ya hiari. Mteja wako kwa kawaida hayupo wakati huo. Amekwenda kunywa chai. Msilijibu swali hilo kwa niaba yake kimyakimya. Mashine ya ofisi, chagueni ya lazima tu, halafu mwambieni mmefanya hivyo na ni wapi atakapobadilisha akitaka. Kwenye risiti kuna nafasi ya kutosha kuandika mstari mmoja: data ya hiari imezimwa, ripoti za kivinjari zimezimwa, tarehe. Siku Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ikimuuliza mwenye duka alifanya nini kuwalinda wateja wake, mstari huo utakuwa na thamani kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Hotuba yangu ni hiyo. Wenye vipakatalishi viwasheni sasa tuifanye kazi hii kabla ya kutoka. Wa Windows kaeni upande wa madirishani, wa Ubuntu njooni hapa mbele, na wenye Mac nitawafikia baadaye kwa kuwa kazi yenu ni fupi. Kijana aliyeniandikia swali kuhusu mashine za shule zenye akaunti nyingi, tuanze na wewe.